Vikombe Viwili vya Idara ya Mauzo

Kijino alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na kipaji chake kikubwa kilijulikana mtaa mzima: alijua kufunga mdomo. Kijiko cha uji wa boksi kilipokaribia, midomo yake ilikutana polepole, ikabanana, ikawa kama mlango wa benki saa kumi na mbili jioni. Kisha alimtazama aliyeshika kijiko kwa macho makubwa ya huruma, kana kwamba mwenye matatizo ni huyo, na yeye anamwonea imani tu.

Cheti cha kuzaliwa kilimpa jina refu na zuri. Lakini jino lake la kwanza lilitoka peke yake, likakaa miezi miwili bila mwenzake, na yeye akalionyesha kwa kila aliyemchekea. Jina la cheti likabaki kwenye cheti. Mama yake naye akawa Mama Kijino nyumbani, dukani, na hata kwenye kiwanda cha uchapaji alikokuwa anakata karatasi.

"Hiki cha baba," alibembeleza asubuhi hiyo, amepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni na sare ya kazi mwilini. "Hiki kimoja tu, mpenzi wangu, halafu basi."

Kijiko kilifika, kikagonga jino, kikarudi na mzigo wake.

"Hiki cha bibi, basi."

"Usinitaje mimi kwenye uji huo," alisema mama mkwe wake. Alikuwa amewapa mgongo, anageuza maharage na maboga kwa mwiko ulioungua mpini. "Mtoto kasema hataki. Kasema jana, kasema juzi. Unataka aandike barua?"

"Mama, chati ya kliniki inasema vikombe viwili kwa siku. Asubuhi kimoja, jioni kimoja."

"Na hiyo chati imelea watoto wangapi?"

Mama Kijino akarudisha kijiko ndani ya kikombe. Mama mkwe alikuwa amelea sita, na hesabu hiyo ilitolewa kila mazungumzo yalipokaribia kuwa ugomvi. Akasimama, akambusu mtoto kisogoni, akakimbilia kazini. Kikombe kikabaki mezani. Baba Kijino, fundi bomba, mtu asiyeweza kuona chakula kinapoa, alikimaliza kwa mikupuo mitatu. Huu ulikuwa mwezi wa tatu anafanya hivyo. Kilo zilizomkimbia mtoto zilikuwa zimepata hifadhi kwa baba: mkanda ulisogea matundu mawili, na kabla ya kuingia chini ya sinki la mtu ilimbidi kwanza atoe pumzi zote.

Kichekesho hicho kingekuwa kitamu zaidi kama si ule mstari.

Mstari wenyewe ulikuwa kwenye kadi ya kliniki ya Kijino. Kwa mwaka mzima ulipanda vizuri, kisha ukachoka, ukalala. Mtoto hakuwa mgonjwa. Alicheka, alitembea akishika ukuta, aliwavua wageni viatu wakiwa bado wamekaa. Ila hakuongezeka. Sista wa kliniki, mwanamke wa sauti ya chini na mikono yenye joto, ambaye ndiye aliyempokea Kijino siku anazaliwa, aligonga tena kalamu yake kwenye chati ya ukutani safari ya mwisho walipokwenda. "Fuata hii, mama. Vikombe viwili, usiruke hata siku. Tuonane baada ya mwezi. Mstari ukiwa bado umelala, nitakuandikia barua ya hospitali kubwa wamchunguze."

Barua hiyo haikuwa imeandikwa, lakini Mama Kijino alikuwa ameshaisoma mara mia kichwani. Sasa zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Na chati aliiamini. Shule aliiacha mapema, akairudia ukubwani kwenye darasa la jioni, mimba ya Kijino ikiwa inagusa ukingo wa dawati. Neno lililochapwa alilipata kwa jasho, ndiyo maana alilipa heshima ya mgeni aliyevaa suti. Mama mkwe alipoleta sahani ya maharage yaliyopondwa, yeye aliisogeza pembeni kwa adabu, akasema mtoto asishibe kabla ya uji. Mwanzoni mama mkwe alicheka. Siku zilivyokwenda akaacha kucheka, akawa anakula maharage yake peke yake, amegeukia dirisha. Hilo lilimuuma Mama Kijino kuliko alivyotaka kukubali. Ni mama huyo huyo aliyembeba Kijino mgongoni jioni zote za mitihani, akizunguka naye barazani ili mwanafunzi asisikie mtoto wake akilia.

Kiwandani siku hiyo kulikuwa na kazi moja kubwa. Mzee Wino, mwenye kiwanda, aliyepewa jina hilo kwa sababu kucha zake hazikuwahi kuwa na rangi moja wiki mbili mfululizo, alisukuma mkokoteni wa karatasi hadi kwenye mashine ya kukatia.

"Chati za kliniki, zinachapwa upya. Mwenyewe anazifuata saa kumi. Kata vizuri, binti, hizi zinakwenda kliniki zote."

Mama Kijino akaitazama karatasi ya juu, akaitazama tena. Ilikuwa ile ile. Mtoto mwenye mashavu, kikombe kinachofuka mvuke, boksi la uji nyuma yake, msalaba wa kijani juu, na maneno makubwa: vikombe viwili kila siku.

"Hata ile iliyoko ukutani tulichapa sisi?"

"Sisi wenyewe. Kabla hujaja. Nilikata kwa mkono wangu huu."

Alijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba daktari wake na kinyozi wake ni mtu mmoja. Lakini kazi ilikuwa inasubiri.

Karatasi ikitoka kwenye mashine ya kuchapa huwa kubwa kuliko kazi yenyewe. Kwenye pembe zake kuna alama ndogo nyeusi, jozi mbili. Ya ndani ndiyo ya kukatia. Ya nje ni ya fundi wa kuchapa, aone rangi imefika wapi. Kati ya alama ya ndani na ukingo kuna ukanda wenye vidoa vya rangi na maandishi ya maofisini, na kiwanda kilikuwa na mazoea ya miaka mingi: kilicho nje ya alama hakisomwi. Kinaanguka kwenye pipa. Watoto wa wafanyakazi wote walijifunzia kuchora kwenye kanda hizo.

Alipanga fungu la kwanza, akaligongagonga likanyooka, akalisukuma hadi kwenye kizuizi, akabonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili, maana mashine ilikataa kushusha kisu mpaka ione mikono yote iko salama. Kisu kikashuka. Mwili ulikuwa kazini, akili ilikuwa jikoni, inawaza kama uji ukipoa zaidi kidogo mdomo ule ungefunguka. Alikata mafungu matano kabla macho yake hayajarudi kiwandani.

Alikuwa amekata kwenye alama ya nje.

Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mzee Wino alikuja, akainua karatasi moja, akaishusha.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mzee."

"Una mimba?"

"Hapana, Mzee."

"Basi rudia. Hazijaharibika, zimebaki kubwa tu. Umenitisha, nilidhani umekata ndani."

Kukata mara ya pili kunataka macho ya karibu, kwa sababu ukanda uliobaki hauzidi upana wa vidole viwili. Kwa hiyo akainama. Na alipoinama, akasoma.

*Mteja: Idara ya Mauzo. Rasimu ya nne. Sahihisho la kwanza: "kikombe kimoja, mtoto akipenda" kiwe "vikombe viwili kila siku", ili tufikie lengo la mauzo. Sahihisho la pili: ondoa maharage, yai na mboga za majani, vinaziba boksi. Sahihisho la tatu: mtoto aongezwe mashavu. Ukanda huu ukatwe.*

Alisoma tena, kidole chini ya kila neno, kama darasani.

"Mzee, njoo uone."

"Umekata ndani?"

"Sijakata ndani. Soma hapa."

"Hapo hapasomwi."

"Leo pasomwe, Mzee wangu."

Mzee Wino akatoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa shati, akaichafua zaidi, akasoma. Alichukua muda mrefu kwa maneno machache kiasi kile.

"Mashavu wamefanikiwa," alisema mwishowe.

Mama Kijino akacheka bila kutaka. "Nilidhani hii inaandikwa na madaktari."

"Hata mimi. Si kuna msalaba pale juu?"

"Wa nani?"

Mzee aliukuna msalaba kwa ukucha wa bluu, kana kwamba chini yake kungekuwa na jina. "Hauna mwenyewe. Ni msalaba tu. Mimi mwenyewe nikitaka nachora."

"Mzee, Sista anatufundisha hivi. Na mimi nafanya hivi, mwezi wa tatu sasa. Mtoto wangu haongezeki."

"Binti, nisikilize." Alishusha sauti ingawa mashine zilikuwa zinanguruma. "Sisi ni watu wa karatasi. Tukianza kumuuliza kila mteja kama anachosema ni kweli, tutabaki kuchapa kalenda."

"Hata kalenda, Mzee. Mwaka jana mwezi wa sita tuliupa siku thelathini na moja."

"Ndiyo maana nakwambia tusiingie kwenye mambo ya ukweli."

Saa kumi kamili aliingia mteja mwenyewe. Wafanyakazi walimwita Bwana Boksi, kwa sababu hakuwahi kufika bila katoni ya uji wa kugawa. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye viatu vinavyolia na tabasamu linalomtangulia mlangoni.

"Habari za kazi, wapendwa. Dada, una mdogo nyumbani? Chukua boksi, zawadi hiyo."

"Asante, kaka, tunayo mpaka yamekuwa kiti. Wewe una watoto?"

"Ninaye binti. Anafikisha miaka miwili mwezi ujao." Uso ukamlainika, simu ikatoka mfukoni yenyewe. Kwenye picha palikuwa na mtoto aliyepakwa parachichi kuanzia paji la uso hadi kwenye magoti. "Unamwona? Hapo ndiyo anakula."

"Mashallah, ana raha. Na vikombe vyake viwili anavimaliza?"

"Nani, huyu? Hagusi. Mama yake anampa tunachokula sisi, anaponda tu kwa uma." Akairudisha simu mfukoni. Tabasamu lilibaki mahali pake, ila mwenyewe alikuwa ametoka. "Watoto wanatofautiana, lakini."

"Kweli, wanatofautiana. Na haya ya pembeni aliyaandika nani?"

Bwana Boksi akautazama ukanda alioonyeshwa. Masikio yakaanza kupata moto. "Hayo ni ya ofisini, dada. Hayo hukatwa."

"Nimeshakata. Nauliza tu mwandishi."

"Kikao. Yalitoka kwenye kikao."

"Kikao kilikuwa na daktari?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, hadi Mama Kijino akamwonea huruma.

"Alialikwa," alisema. "Hakufika."

Chati zikapakiwa, zikaondoka. Mama Kijino alikuwa amezikata zote sawasawa, kwenye alama ya ndani, kama alivyoajiriwa kufanya. Alipokuwa anavua aproni, Mzee Wino alipita, akalisogeza pipa la taka kwa mguu hadi karibu naye.

"Kuna tatu zimepinda humo, hazijakatwa pembeni," alisema huku anaangalia dari. "Taka za hapa sijawahi kuzihesabu."

Jioni hiyo, Kijino akiwa chini anajaribu kuvaa kiatu cha baba yake kichwani, Mama Kijino alikunjua karatasi juu ya meza ya jikoni na kumsomea mama mkwe wake neno kwa neno. Mama mkwe alisikiliza mikono ikiwa na unga.

"Hapo kwenye sahihisho la pili. Rudia."

"Ondoa maharage, yai na mboga za majani."

"Walitoa maharage?"

"Wameyatoa, Mama."

"Kwa hiyo mwanzoni yalikuwemo." Mama mkwe akavuta kiti, akakaa. "Kuna mtu huko mwenye akili zake aliyaweka. Halafu wakamzidi kelele, maskini." Alikaa kidogo akimsikitikia mtu huyo. "Na yai nalo?"

"Na yai."

"Hilo wamefanya la maana. Yai linamchelewesha mtoto kusema."

"Nani kasema, Mama?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu alikaa kikao gani?"

Mama mkwe alifungua mdomo. Kisha midomo ikakutana polepole, ikabanana, na Mama Kijino akaelewa kipaji cha mwanawe kilitoka ukoo gani. Wakatazamana, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Kijino akavua kiatu kichwani aone kuna nini.

"Nisamehe, Mama," alisema alipopata pumzi. "Nilikuwa nakusogezea sahani yako."

"Ulikuwa unamwogopea mtoto. Nani hajawahi." Mama mkwe alijipangusa machozi, akajiachia unga shavuni. "Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimnywesha maji ya sukari mwaka mzima, kwa sababu mwenye duka aliniambia yanaongeza damu."

"Mwenye duka alijuaje?"

"Alikuwa anauza sukari."

"Na huyo mtoto wa kwanza si ndiye…"

"Ndiye mumeo. Umeyaona meno yake."

Hata hivyo hofu haikufungasha virago kwa sababu ya kipande cha karatasi. Alipokuwa anamwogesha Kijino, Mama Kijino alizihesabu mbavu moja moja chini ya sabuni na kuwaza kwamba kujua nani aliandika ushauri si sawa na kujua mtoto ale nini. Huenda watu wa mauzo walikosea, huenda pia walibahatisha. Siku kumi na tatu zilikuwa zimebaki. Akipunguza uji na mstari ukaanguka, atamweleza nini Sista? Kwamba amesoma kwenye taka? Lakini kila alipokumbuka ule mdomo uliofungwa, miezi mitatu ya mdomo uliofungwa, aliona kuna mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kubadilisha rasimu yake, naye alikuwa ndani ya beseni, anapiga maji kwa mikono.

Akapiga moyo konde. Asubuhi yake, sahani ya kwanza ilikuwa ya maharage na boga, imepondwa laini, na kijiko cha mafuta juu.

Midomo ilikutana kwa mazoea. Kisha pua ikafanya kazi. Jicho moja likashuka kwenye sahani, likapanda kwa bibi, likashuka tena. Mdomo ukafunguka upana wa punje ya harage, ukaonja, ukafunguka upana wa kijiko. Baada ya hapo kijiko hakikuhitajika. Kijino aliingiza mkono wote hadi kwenye kifundo, na boga likafika sehemu ambazo hata watoto sita wa mama mkwe hawakuwahi kulifikisha.

"Na uji wangu?" aliuliza Baba Kijino, amesimama na kikombe kitupu.

"Uji wako umekwisha, mume wangu. Kaa ule na wenzako."

Alikaa, mnyonge kama aliyefutwa kazi. Siku ya tatu alikuwa amezoea, siku ya tisa mkanda ulirudi tundu moja.

Walimlisha mara nne, mara tano kwa siku, kidogo kidogo: viazi vilivyopondwa na mboga za majani, ndizi, parachichi, samaki aliyetolewa miiba mara mbili, mara ya kwanza na mama, mara ya pili na bibi ambaye hakuamini ya kwanza. Siku nyingine alikula kama fundi wa mabomba. Siku nyingine alitema kila kitu, na Mama Kijino akashinda kiwandani roho juu.

Alhamisi ya kliniki ikafika. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la wageni tangu alfajiri, ingawa hakuna aliyemwalika. Karatasi ilikuwa imekunjwa duara kwapani mwa Mama Kijino. Benchi la kliniki lilikuwa limejaa akina mama hadi mlangoni, na ukutani, juu ya vichwa vyao, chati mpya iling'aa, bado inanukia wino aliouzoea.

Sista alimvisha Kijino ile suruali ya kitambaa ya kupimia, akamning'iniza kwenye mizani. Mtoto akabembea, akaonyesha meno yake yote sita. Mshale ulicheza, ukatulia. Sista alisogea karibu, akausoma, akausoma tena.

"Gramu mia tatu na hamsini," alisema, na uso wake wote ukafunguka. "Mama Kijino, ameongezeka. Barua siandiki." Akageukia benchi, kalamu ikigonga chati. "Mnaona, akina mama? Huyu amefuata. Vikombe viwili, hajaruka."

Benchi zima likamwangalia Mama Kijino kwa heshima. Ilikuwa rahisi sana kutabasamu, kumvalisha mtoto na kwenda zake kazini. Mtoto ameongezeka, barua haipo, alichokitaka amekipata. Na huyu ndiye aliyempokea mwanawe kwa mikono yake. Nani anapenda kumwaibisha mtu kama huyo mbele ya watu? Alisikia mama mkwe, nyuma yake, akivuta pumzi ya mtu anayejiandaa kusema yeye.

"Sista," alisema haraka. "Hajanywa hata kimoja. Wiki mbili zote."

Kalamu ikaacha kugonga. Hata mtoto aliyekuwa analia pembeni alinyamaza, asikie.

"Amekula nini?"

"Maharage yangu," alisema mama mkwe.

Mama Kijino akaikunjua karatasi juu ya meza, akaweka kidole kwenye ukanda. Sista aliinama, akasoma. Akatazama chati ya ukutani, akatazama karatasi ya mezani, akarudi kwenye ukanda. Kisha akaiangalia kalamu mkononi mwake. Ilikuwa na picha ndogo ya boksi ubavuni. Akaiweka mezani taratibu, kama anayeweka kitu cha mtu.

"Miaka mitatu," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Miaka mitatu nagonga hapo. Chuoni tulifundishwa vyakula mchanganyiko, kidogo kidogo, mara nyingi. Nilikuwa nakijua hicho kitu. Halafu chati ikaja na barua nzuri. Ilikuja hadi na misumari yake, mama."

"Na mimi ndiye ninayezikata, Sista. Nilikuwa nasoma upande mmoja na wewe."

Sista akamtazama, na polepole, kutoka pembeni mwa mdomo, kicheko kikaanza kupanda. "Eti mtoto aongezwe mashavu," alisema, na hapo akashindwa kujizuia. Benchi likataka kujua nini kinachekesha. Ikabidi Mama Kijino asome kwa sauti, tangu mteja hadi ukanda ukatwe, na aliporudia sahihisho la tatu, kila mama akashika mashavu ya mtoto wake.

"Kwa hiyo uji wa boksi ni sumu?" aliuliza mama mmoja aliyevaa sare ya usafi. "Mimi natoka kazini giza limeingia. Huo unaniokoa."

"Si sumu, na usikimbie nyumbani kuumwaga," alisema Sista. "Ni unga na sukari na vitu vidogo walivyoongeza. Kimoja, baada ya chakula, akikitaka, sawa. Tabu ni kumjaza viwili mpaka chakula kinakosa pa kukaa. Na mtoto akiendelea kukonda, mnakuja hapa hapa, boksi au bila boksi." Alitazama ukuta. "Chati siwezi kuitoa kabla sijaongea na mganga mkuu. Nitaongea naye leo. Lakini ukuta ni mpana." Akaigeuza ile karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe kabisa. "Wewe ni mtu wa karatasi, Mama Kijino. Una mwandiko?"

Alikuwa nao, ndio pekee mwalimu wa jioni aliousifu bila kuongeza lakini. Mama mmoja akatoa kalamu ya wino mzito kwenye mkoba. Sista akaanza kutaja, na hakufika mbali, maana benchi lilikuwa na mambo yake.

"Andika dengu."

"Dengu zinasumbua tumbo."

"Za kwako. Uziloweke, dada."

"Andika majani ya maboga, yaliyokatwa laini."

"Na yai," alisema Sista, "liwe limeiva vizuri."

"Yai linachelewesha kusema," alisema mama mkwe, na wanawake wawili wa umri wake wakaitikia kwa kichwa.

"Mama, wangu anakula yai tangu ana miezi saba," alisema yule wa sare ya usafi, akimwonyesha binti yake ambaye muda wote huo alikuwa anamsimulia Kijino habari ndefu ya paka. "Kama yai linachelewesha, nipeni mayai mia."

Mama mkwe alimsikiliza binti huyo hadi mwisho wa paka. "Andika yai," alisema. "Lakini andika dogo."

Mama Kijino aliandika. Herufi zilikuwa kubwa, kwa ajili ya wasio na miwani, na alipofika chini hakuacha ukingo mtupu. Aliandika pale pale, kwa herufi za ukubwa ule ule: *Imesemwa na Sista, na akina mama wa foleni ya Alhamisi. Mwenye swali aulize benchi.*

Sista alikuwa amefungua kadi ya Kijino. Kwa kalamu aliyoazima aliweka nukta mpya, akaiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari ulipanda, si sana, kama ngazi moja ya kuingilia barazani. Chini yake, mahali pa maelekezo, miezi mitatu mfululizo palikuwa pameandikwa vikombe viwili. Alifikiri kidogo, kisha akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Anakula. Aendelee.*

Akampa Mama Kijino kadi, akamwita mtoto anayefuata.